Mabomba Yanayogonga

Wapangaji walimbandika jina la Manusura, na lilikuwa kejeli tupu, maana mwanamume huyo hakuwa amenusurika chochote. Hakuwahi kuzama, hakuwahi kuungua, hakuwahi kupotea hata sokoni. Alikuwa fundi bomba wa jengo kuukuu la ghorofa saba, akiishi na mkewe katika chumba na sebule vya chini kabisa, jirani na koki kuu ya maji. Lakini mpe habari ya mtu aliyeponea tundu la sindano, uone. Ataacha chakula kipoe. Ataacha sinki lako likimwaga maji hadi kwa jirani, huku yeye amekaa juu ya ndoo anakuuliza, "Ehe? Akafanya nini?"

Alikuwa nazo nyingi. Ya baharia aliyeelea kwenye mlango wa kabati. Ya mama aliyetolewa chini ya kifusi akiwa bado ameshika ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Ya mzee aliyepotea jangwani akarudi amesahau jina lake, lakini anakumbuka namba ya viatu vyake. Nyingine alizisikia redioni, nyingine kwenye foleni, na nyingine alizichimba kwa watu bila haya. Akikuona una kovu, umekwisha. "Hilo lilikupataje, bwana? Kaa hapa. Anzia mwanzo, usiruke."

Cha ajabu, akishasikiliza, alikasirika. Kila hadithi iliishia mahali pale pale: waokoaji wanafika, mtu anafunikwa blanketi, watu wanalia, kwisha habari.

"Halafu?" fundi aliiuliza redio.

"Halafu nini wewe? Si ameokoka?" mkewe alimjibu kutoka jikoni.

"Ameokolewa Jumanne. Jumatano je? Alikwenda kazini? Kiti chake alikikuta, au walishampa mtu?"

"Muulize mtangazaji."

"Mtangazaji hajui kitu! Wote wanaishia kwenye blanketi. Mimi sitaki blanketi, mke wangu. Mimi nataka Jumatano."

Hadithi moja tu ilimridhisha, na hiyo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi alipokuwa kijana. Wachimba mgodi walifukiwa na mwamba. Waliopiga kelele walikauka sauti kabla kiu haijawaanza. Mmoja wao, mtu wa makamo, akawanyamazisha wote, akachukua nyundo, akagonga bomba la hewa mara tatu. Akangoja. Mara tatu. Akangoja. Kisha huko juu mtu akaweka sikio kwenye bomba, akagonga mara tatu. "Kuchimbuliwa walichimbuliwa baadaye," mwalimu wake alimwambia. "Kuokoka walishaokoka pale walipojibiwa." Fundi aliimeza hadithi hiyo nzimanzima na haikumtoka tena.

Tena aliitia kazini. Kila fundi bomba anaijua adha ya jengo refu: wewe uko ghorofa ya sita umefungua koki, na maji yanafungwa chini. Wengine hupayuka ngazini hadi mishipa iwatoke. Wengine hupanda na kushuka mpaka magoti yalie. Yeye alimsimamisha mkewe kwenye koki kuu, na bomba la chuma lililopita jiko baada ya jiko likawa simu yao. Kugonga mara moja, fungua. Mara mbili, funga. Mara tatu za harakaharaka, upo? Na mke naye alijibu tatu: nipo. Mama huyo hakuuliza kwa nini. Alisikia mbili, akafunga. Alisikia moja, akafungua. Walifanya kazi hivyo tangu wakiwa hawana mvi, na hawakumwambia mtu.

Kulikuwa na sababu ya kutomwambia mtu, na sababu hiyo iliishi ghorofa ya tano. Bibi mmoja, mshonaji wa zamani, anakaa peke yake, na mdomo wake haukuwahi kuona kufuli. Kila alipokutana na fundi ngazini ilikuwa vita.

"Fundi! Mabomba yako yanagonga! Yananigongea ukutani kama tuna ugomvi!"

"Nitayashughulikia, bibi," fundi alisema, mkono kifuani, kwa heshima zote. Kisha alishuka akicheka mpaka anashikilia ukuta, maana angemweleza ukweli, bibi angekwenda kushitaki kwa msimamizi wa jengo siku hiyo hiyo.

Basi, sauti ikaanza kumkwaruza. Akasema mafua. Miezi ikapita, mafua gani hayo? Mkewe akamshika mkono kama mtoto wa shule akampeleka hospitali, na huko wakaambiwa ni saratani ya koo. Daktari hakuzunguka mbuyu. Akamtoa kisanduku chote cha sauti, akamwachia tundu shingoni la kupumulia. Uhai ulibaki. Sauti ndiyo basi tena.

Alipozinduka wodini alifungua kinywa amwite mkewe, na hakikutoka kitu. Hata pumzi haikupita mdomoni. Aliogopa, wacha niseme ukweli, aliogopa sana. Akapapasa mezani, akapata kijiko, akagonga chuma cha kitanda mara tatu. Muuguzi akaja na chombo cha haja ndogo. Akagonga tena tatu. Muuguzi akampangia mto. Akagonga tena, na muuguzi, mtu mwema kabisa, akamwambia, "Tulia baba, utaamsha wenzako." Fundi aligeukia ukutani, machozi yakamtiririka hadi sikioni.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, mkewe alisikia tatu akiwa bado mlangoni na kikapu chake. Hakukimbia. Hakupiga yowe. Alitembea hadi miguuni pa kitanda, akatoa ufunguo wa nyumba, akagonga chuma mara tatu. Ndipo akakaa chini akalia, na fundi akamfuta machozi kwa shuka la hospitali.

Akarudi nyumbani, na Jumatano yake ikaanza.

Wa kwanza kufika alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kupanga mambo na watu kwa mstari. Alikuja amekumbatia blanketi. Blanketi zito, la rangi ya kahawia, na jua la siku hiyo lilikuwa linachemsha maji ndani ya mabomba. Alimfunika nalo magotini, akalipigapiga likae vizuri.

"PUMZIKA, MDOGO WANGU!" alimpigia kelele. "PUMZIKA!"

Maana hilo nalo lilikuwa balaa. Mtu amepoteza sauti, na jengo zima likaamua amekuwa kiziwi. Waliomtembelea walimfokea usoni kama wanaita mtu ng'ambo ya mto. Na wasiofoka walifanya vibaya zaidi: waliongea na mkewe juu ya kichwa chake. "Alikuwa fundi hodari, huyu." "Alikuwa mcheshi, jamani, hadithi zake zile." Alikuwa! Na mwenyewe amekaa pale, macho yamemtoka, jasho linamvuja chini ya blanketi. Kila alipolisukuma, mgeni alilirudisha. Fundi akamtazama mkewe, na mkewe akaelewa bila kuambiwa: kumbe ndiyo sababu hadithi zote zinakomea hapa.

Wiki haikuisha, msimamizi wa jengo akagonga mlango. Alikuwa ameshaleta fundi mpya tangu ugonjwa uanze, na sasa alikuja na neno lake limekunjwa vizuri. Chumba na sebule ni vya fundi wa jengo. Fundi wa jengo ni mwingine sasa. Kaka mkubwa alikuwepo, na ilikuwa dhahiri walishazungumza, maana alidakia hapo hapo.

"Shemeji, kila kitu tayari. Nimewaandalia chumba cha uani kwangu. Kina kivuli. Atakaa, atapumzika, atakuwa anatazama watoto wakicheza."

"Nani amekuambia anataka kutazama watoto?" mkewe aliuliza.

"Shemeji, usikasirike..."

"Nimekasirika tayari, shemeji. Endelea."

Msimamizi akakohoa kidogo. "Mama, kazi ya maji ni kuitana. Fundi akiwa juu lazima amwambie aliye chini afunge au afungue. Sasa huyu atamwambiaje mtu?"

"Mimi na yeye tunaelewana."

"Hayo ni mapenzi, mama, na tunayaheshimu sana. Lakini maji ni maji." Akajiweka sawa kitini. "Halafu, bila kumvunjia mzee heshima, huyu kijana mpya anaijua kazi. Zile kelele za mabomba kugonga, mnazikumbuka? Zimetushinda miaka yote. Yeye, wiki ya kwanza tu, kazikomesha! Hayagongi tena, hata kidogo. Nimemuuliza kafanyaje, akaniambia ni siri ya ufundi."

Mke wa fundi alijikaza, wapi! Kicheko kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alicheka akashika mlango, akacheka akakaa chini, na wanaume wawili wakatazamana kwa huruma wakidhani ni uchungu. Alipopata pumzi akafungua kinywa awaeleze, na hapo mumewe akainua kidole kimoja. Hapana. Tangu atoke hospitali kila mtu alikuwa anamsemea, na alikuwa amechoka kusemewa, hata na mtu anayempenda kuliko wote.

Akalitupa blanketi sakafuni. Akavuta sanduku lake la vifaa kutoka chini ya kitanda, akachukua spana kubwa na mpira mpya wa koki, akatoka akashika ngazi.

"Anakwenda wapi?" kaka mkubwa aliuliza.

"Ghorofa ya tano," mkewe alisema, akijifunga kitambaa kichwani. "Koki ya bibi inavuja tangu mwezi uliopita. Huyo bingwa wenu kaja mara mbili, mara zote mbili kamfurikishia jiko. Mfuateni. Mimi nakwenda kwenye koki kuu."

Ngazi zile zilimtesa, tusidanganyane. Pumzi ilipita kwenye tundu la shingo ikilia kama birika linaloanza kuchemka. Ghorofa ya tatu alisimama, paji la uso ukutani, na kaka yake nyuma, blanketi begani, akaanza kuomboleza: "Atakufa! Jamani, anajiua huyu!" Fundi aligeuka akamtazama kwa jicho ambalo kaka hajaliona tangu wakiwa wadogo wanagombania baiskeli. Kisha akapanda.

Bibi alifungua mlango, akamkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. Hakufoka, wala hakuinamisha kichwa upande kwa huruma.

"Kumbe upo," alisema. "Waliniambia umekwisha. Ingia basi, hii koki imenitoa roho."

Fundi alipiga goti jikoni. Akainua spana, akagonga bomba mara tatu. Bibi akashtuka, akakunja uso, akaanza kuwaza.

Kimya.

Akagonga tena tatu. Kimya. Msimamizi akatazama saa yake. Fundi akaweka sikio kwenye chuma baridi, na hofu ile ya wodini ikamrudia. Je, kama kashikwa na kitu huko chini? Kama kaanguka? Kama naye kachoka na mambo haya? Akagonga mara ya tatu.

"BASI, MDOGO WANGU!" kaka alimpigia kelele, akaweka mkono begani kwake. "UMEJARIBU. TWENDE TUKAPUMZIKE."

Huko chini mambo yalikuwa hivi: fundi mpya alikuwa ameifungia koki kuu pamoja na bomba lake ndani ya kisanduku cha chuma, akatia kufuli, na funguo ameondoka nazo. Mke wa fundi alisikia tatu za kwanza. Alisikia za pili. Alitazama kufuli. Kisha alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na nyundo.

Juu walisikia kishindo. Kingine. Kingine tena, ovyoovyo, bila mpangilio, bomba zima likitetemeka. "Nini hicho?" msimamizi aliuliza, rangi imemtoka. Kikafuata kitu cha chuma kinachodondoka sakafuni, na ukimya mfupi. Halafu zikaja, safi, za harakaharaka, mara tatu.

Fundi alifumba macho. Akaweka kiganja juu ya bomba. Kisha akagonga mbili.

Matone ya koki ya bibi yakapungua, yakakonda, yakakoma. Ghorofa ya chini yake mtu akapiga kelele, "Nani kafunga maji? Nina sabuni machoni!" Fundi alikuwa ameshafungua koki. Maji yaliyobaki kwenye bomba kutoka ghorofa za juu yakamwagika kwa fujo, na yeye, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, akalivuta blanketi kutoka begani kwa kaka yake, akalitandika sakafuni, akapiga goti juu yake. Likanywa maji yote. Akatoa mpira uliokwisha, akatia mpya, akakaza. Akagonga mara moja. Maji yakarudi, na koki haikudondosha hata tone.

Bibi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, mdomo wazi.

"Wewe!" alisema. "Kumbe ni wewe! Miaka yote ile! Nakulalamikia, unaniwekea mkono kifuani, 'nitayashughulikia, bibi,' kumbe mshenzi mwenyewe ndiye wewe!" Akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo, akamchapa tena. Fundi alicheka, mabega yanaruka, bila sauti hata kidogo, na machozi yanamtoka. Bibi akamgeukia msimamizi. "Na yule wako alinyamazisha nini, hebu niambie? Siri ya ufundi!"

Msimamizi alifungua kinywa, akakifunga.

"Haya, tazama," bibi alisema. "Sasa bubu ndiye huyu."

Kaka mkubwa alikuwa bado anatazama blanketi lake sakafuni, limelowa chepechepe, lina alama mbili za magoti. Alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu operesheni hakumpigia kelele.

"Nilidhani nimekupoteza," alisema. "Sikujua nifanye nini, nikanunua blanketi."

Fundi aliinuka taratibu akamshika mkono, mkono wake mwenyewe umejaa maji na kutu, na hakuuachia mpaka walipofika chini. Msimamizi aliwatangulia. Alipita mbele ya kisanduku cha koki, akaliona kufuli sakafuni vipandevipande, akamwona mke wa fundi amekalia ndoo na nyundo magotini.

"Kuna jambo lingine?" mama aliuliza.

Hapakuwa na jambo lingine. Chumba na sebule vikabaki vyao, na fundi mpya akatafutiwa jengo jingine akanyamazishe mabomba huko.

Bibi wa ghorofa ya tano ndiye aliyedai afundishwe. Si moja wala mbili, hizo hazimhusu. Alitaka tatu. Tangu hapo kila asubuhi, akiamka tu, alichukua kijiko akagonga bomba la jikoni kwake mara tatu, na fundi akajibu kutoka chini kabla hajavaa viatu. Halafu, akikutana na watu ngazini, bibi yule yule aliwaambia kwamba mabomba ya jengo hili yanagonga na hakuna anayejali.

Sasa kuna Jumatano moja. Asubuhi ilifika, fundi akangoja. Hakusikia kitu. Akagonga yeye, tatu. Kimya. Akagonga tena. Alishika spana akapanda, bila viatu, bila kusimama ghorofa ya tatu, pumzi inalia shingoni, na akilini hadithi zake zote zinamjia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza waokoaji wanachelewa. Mlango wa bibi ulikuwa wazi. Alimkuta amekaa mezani, amejitengeneza vizuri, anakunywa chai, na mbele yake kuna kikombe cha pili kitupu.

"Umechelewa kidogo," bibi alisema. "Nilitaka kuona kama utakuja."

Ebo! Fundi alimtazama. Alitaka kumtukana, na alikuwa na matusi ya kutosha, ila hakuwa na pa kuyapitishia. Basi akaiinua spana, akalitwanga bomba la jikoni kwa hasira zake zote, mara mbili.

Na huko chini mkewe, ambaye hakuwahi kuuliza kwa nini, akafunga maji ya jengo zima.